Jiwe la Kukandamizia Achari

Mwaka ule Wahindi wa Kenya tulipokimbilia Uingereza kabla Waingereza hawajatufungia mlango, Baba alitoka Mombasa na jiwe. Zito, la ukubwa wa ngumi mbili, amelifunga kwenye kikoi. Sufuria za Mama zilibaki, jiwe likapanda ndege. Mama hakulisahau hilo, wala simlaumu.

Miaka mingi Baba aliwachorea ramani watafiti wa madini kwenye kilima kimoja huko Kwale. Jiwe lilitoka huko. Aliamini siku moja ataliweka mezani kwa mkubwa wa kampuni ya madini, apate kazi ya maana. Basi akalisukuma chini ya kitanda chao, katika chumba tulichopanga Thornton Heath, Landani, akaenda kufagia kiwandani.

"Chini kabisa mawe yameyeyuka," alitueleza jioni moja. "Yakianza kupoa, kila metali hutafuta pa kukaa. Nyingine hazitoshei popote. Zinakataliwa huku na huku mpaka zinabaki za mwisho. Halafu ardhi ikivutwa ikachanika, zinapanda na uji wa moto kupitia ule ufa. Ndiyo maana ni adimu."

"Kama sisi," Mama akasema. Alikuwa na mimba ya miezi sita. "Inua miguu nifagie."

Mimba ile ilitaka vitu vikali. Mama akakata malimau, akayatia chumvi na pilipili ndani ya chungu cha udongo. Kwetu achari hukandamizwa kwa jiwe safi, na Landani jiwe safi utalitoa wapi? Akaliosha la Baba, akalitumbukiza. Mapovu yakaanza kupanda. Mama akafurahi, akasema achari imekubali.

Alikula achari ile asubuhi na jioni, hata na mkate mtupu. Mimi niliilamba mara mbili, ikanishinda kwa ukali.

Wiki kadhaa baadaye Baba akaitwa kwa usaili na kampuni ya madini. Akatafuta jiwe chini ya kitanda, akalikuta chunguni, limeliwa na malimau, limejaa vishimo. Nikadhani atalilia kazi yake. Akamtazama Mama tumbo.

"Umekula kiasi gani?"

Ndipo Baba akasema yote. Zile metali zilizokataliwa hazipandi peke yazo. Hupanda na kitu chenye mionzi isiyoonekana, inayomchoma mtu polepole. Watafiti walikuwa na chombo kilichotoa mlio kikisogezwa karibu na jiwe lile, na walimkataza asilale nalo hemani.

"Ulijua," Mama akasema, "ukaliweka chini ya kitanda changu."

"Nilitaka kazi."

Usailini hakwenda. Hospitalini nako hakusema neno, akihofia tutarudishwa. Jiwe alitoka nalo, akarudi mikono mitupu. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Dada yangu alizaliwa mzima, analia kwa nguvu. Maisha yake yote Baba alimuuliza kila wiki kama anaumwa popote, naye akamcheka. Wazazi wote wawili wameshakufa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyobaki ni mimi.

Juzi dada amepiga simu. Hospitali wameona kitu kwenye mifupa yake, wanataka kupima tena. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa hapa, kama kwetu kuna ugonjwa wowote wa ukoo.

Nikamwambia hakuna.