Kuonja Sobia Mchana wa Ramadhani

Ramadhani ile madam na mumewe walinichukua kutoka nyumba yao ya Al-Naseem, Riyadh, nilikofanya kazi, tukaenda Jeddah kwa mama yake huyo mume. Bibi huyo kila mwaka huweka kibanda mtaani kwake, katika safu ya vibanda vinavyofunguliwa watu wakishafuturu. Huuza maini ya kukaanga yenye pilipili kali, pamoja na sobia, kinywaji cha shayiri kinachochachuliwa kwa sukari, mdalasini na iliki, kikanywewa pamoja na barafu.

Siku ya kwanza aliniita jikoni alasiri. Alikuwa amekaanga maini ya kujaribia, na ndoo mbili za sobia zilikuwa sakafuni. Nyumba nzima ilikuwa imefunga. Mkristo nilikuwa mimi peke yangu. Akanipa kijiko, akaniambia kwa Kiarabu cha polepole nimwonjee. Sobia ikipita siku zake hugeuka kileo, na hangeweza kuwapa waliofunga kitu cha haramu. Mwenyewe alikuwa na mafua, pua haimwambii kitu.

Nilianza na maini. Moto ulinishika mpaka masikioni. Nikachota sobia ya ndoo ya kwanza, na hata leo sijui niielezeje. Ule uchachu uliingia katikati ya pilipili ukaifungua, nikasikia maini, bizari, mdalasini, kila kimoja mahali pake. Nilisimama kama mtu aliyeingia kanisa kubwa kwa mara ya kwanza. Halafu kitu kikanichoma kidogo nyuma ya ulimi, nikakijua.

Mama yetu alikuwa akipika busaa. Alipokufa, baba akiwa ametangulia, niliacha shule darasa la saba nikashika mwiko wake, nikawalea wadogo zangu wanne kwa pombe hiyo mpaka nilipopata nafasi ya kuja huku. Katika nyumba ya madam sikuwahi kulitaja jambo hilo. Nani angemwachia mpika pombe vyombo vyake, tena Saudia?

Ningeweza kusema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kunywa.

"Hii imegeuka, mama," nikasema. "Imwage."

"Umejuaje, binti?"

"Mama yangu alikuwa akipika pombe ya nafaka. Mimi pia."

Madam, aliyekuwa mezani, akaacha kuchambua giligilani. Bibi akainama na mgongo wake ule mbovu, akaishika ndoo, akakataa nimsaidie, akaimwaga yote kwenye mtaro wa uani. Kazi ya siku mbili. Harufu ikapanda, na nyumba ya mama yangu ikasimama mbele yangu pale Jeddah, na jivu lake, na gunia lake la wimbi.

Bibi aliporudi alinisogelea, akauliza kwa sauti ya chini ili madam asisikie:

"Na kwa maini, ilikwendaje?"

"Sijapata kuonja kitu kama kile."

"Astaghfirullahi," akasema, kicheko kikimponyoka. Akaisukuma ndoo ya pili kwa mguu hadi nilipokuwa. "Basi onja hii. Na hii nayo ukiikataa, leo tutauza maji."

Nikaonja. Ilikuwa changa, tamu, haina neno. Nilipomwambia hivyo, akaanza kutia barafu, bila kuniuliza mara ya pili.