Masanduku ya Risasi ya Mwalimu Katarina

Mwalimu Katarina Ndunguru wa Kigonsera alikuwa na maadui wawili duniani, panya na mvua. Kwa miaka kumi na minane alipokuwa akifundisha shule ya misheni hawakumsumbua sana, kwa kuwa alilala kwake na vitu vyake vilikaa kabatini. Mwaka sabini akahamishiwa elimu ya watu wazima, akakabidhiwa baiskeli azungukie vijiji vya ujamaa kutoka Umatengo mpaka kando ya Ziwa Nyasa. Hapo akaonja joto ya jiwe. Kikapu chake cha ukindu kilitobolewa na panya huko Ukata, wakala sabuni na ukosi wa gauni lake jipya. Sanduku la mbao alilolinunua baada ya hapo lililowa mvua kwenye mteremko, akafika ziwani na vitabu vilivyovimba kama maandazi.

Dawa aliipata Songea, kwenye mnada wa vifaa vikuukuu vya jeshi la enzi za mkoloni. Wenzake waligombania makoti na mahema. Yeye akaondoka na masanduku mawili ya chuma ya kuwekea risasi, ya kijani, kila moja lina kifuniko chenye ukanda wa mpira na kibanio kinachokaza mpaka maji yakose pa kupita. Akayafunga huku na huku nyuma ya baiskeli. La kushoto likabeba vitabu na chaki. La kulia likabeba nguo, kisufuria, unga na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Akifika mahali pasipo na kiti, moja lilikuwa kiti na jingine meza. Wafanyakazi wenzake pale ofisini Mbinga walimcheka mwezi mzima, kisha mmoja mmoja wakaanza kuuliza mnada mwingine utafanyika lini.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata alishuka kwenda Lundambwe, kijiji cha ufukweni kusini mwa Mbamba Bay. Ilikuwa safari yake ya tatu huko, ya kwanza akiwa na masanduku yale. Mara mbili za kwanza darasa lilipata akina mama sita na mzee mmoja asiyesikia vizuri. Ng'ambo ya mpaka vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea, na vijana wa Lundambwe walikuwa wametoka kwenye mafunzo ya mgambo.

Kiongozi wao, Nazari, alimpokea mlangoni mwa kijiji kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naomba usogee mbali na baiskeli."

Alikuwa ameona rangi ya kijani na tarakimu nyeupe. Katarina akaeleza, akatoa barua ya ofisi yenye mhuri. Nazari akaishika, akaitazama kwa muda, akamrudishia. Katarina aliponyoosha mkono afungue kifuniko ili waone wenyewe, mgambo wote walirudi nyuma, na Nazari akamsihi asiguse kitu. Mafunzoni walikuwa wameambiwa kwamba sanduku kama lile linaweza kumaliza nyumba nzima. Mwenyekiti wa kijiji, aliyemfahamu, alikuwa mkutanoni. Basi baiskeli ikaachwa imeegemea mwamba wa kuanikia mihogo, nyumba za jirani zikahamwa, na mtu akatumwa Mbamba Bay kumwita askari.

Katarina aliwekwa barazani pa ofisi ya TANU, akilindwa na msichana wa mgambo aitwaye Winifrida, mwenye rungu. Mwanzoni alikasirika, tena sana. Chakula chake kilikuwa ndani ya sanduku na jua lilikuwa linapanda. Lakini Winifrida alileta ugali wa muhogo na samaki, wakala pamoja, na hasira ikapungua. Alipowatazama wale vijana waliosimama juani bila kuteta, aliona kwamba hawakuwa wakimwonea. Walikuwa wanafanya kazi yao, kama yeye.

Ilipofika saa tisa kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye miamba, kwa mbali, kikisubiri. Katarina aliwakadiria watu mia mbili na zaidi.

Sajenti Ignatio, mtu wa Tabora, alifika akiwa amechoka. Aliyazunguka masanduku, akachuchumaa, akayasoma maandishi. Kisha akamgeukia Katarina na kumuuliza afungue lipi kwanza.

Katarina akautazama ule umati. "La kushoto," alisema. "Na uwaambie wasogee karibu."

Sajenti akafungua, akainua juu kitabu cha kusomea. Watu wakashusha pumzi, wengine wakacheka, wakaanza kuteremka kutoka miambani. La kulia Katarina alilifungua mwenyewe. Alitoa kanga, unga, usipa, hata gaguro lake, akikitaja kila kimoja kwa sauti ya darasani. Halafu akachukua chaki na kuandika majina yake kwenye bati la kijani, herufi kubwa, watu wakirudia kila herufi baada yake. Hakuna aliyeondoka mpaka jua lilipokuwa linagusa maji.

Watu walipotawanyika Nazari alibaki. Aliuliza zile tarakimu na maneno meupe yalisemaje.

"Yanasema risasi."

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea, mwanangu."

Nazari akapitisha kidole juu ya zile tarakimu. "Ile barua yako, Mwalimu, niliishika tu."

Katarina alijibu kwamba kesho darasa lingeanza saa mbili, na kwamba mtu anayekaa mbele husikia vizuri zaidi. Nazari akaja, akakaa mbele, na nyuma yake watu thelathini na wanane. Sajenti alikuwa ameshauri yale maandishi yafutwe, na fundi wa mitumbwi akayapaka masanduku rangi ya buluu iliyobaki kwenye kopo lake.

Wakati rangi inakauka, Winifrida aliomba afundishwe kuendesha baiskeli. Katarina akafunga kanga kiunoni, akashika kiti, wakaanza kukimbia wote wawili kwenye mchanga mgumu kando ya maji, mmoja akipiga pedali na mwingine akihema. Walianguka mara nne. Mara ya tano Katarina aliachia kiti bila kumwambia, akasimama, mikono kiunoni, akimwangalia anavyozidi kwenda.