Saa Waliyoiita Mwongo

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyeleta ile saa kutoka Ariwara. Ilikuwa saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Mume wangu alikuwa motari, akibeba abiria kwa pikipiki hapa Bunia. Akaifunga mkononi, akashinda juu ya pikipiki akirushwa na mashimo yetu haya, na jioni saa ikampongeza kwa kutembea sana. Wenzake pale parking wakamtania, "mutembezi wa kitako". Nyumbani tulicheka mpaka machozi.

Siku moja ya yenga tumetoka kanisani, tunakula bugali na sombe, saa ikatetemeka. Moyo mwekundu ukatokea, na chini yake maneno ya Kifaransa: mapigo hayaendi sawa, mwone daktari. Pale mezani hapakuwa na shimo. Pikipiki ilikuwa imesimama uani. Nikamwambia, "Baba ya watoto, kesho twende hopitali."

"Sababu ya hii? Hii iko muongo, weye mwenyewe unajua."

Ikarudia juma lile lile, ikarudia tena. Nilimwona akipanda kile kilima kidogo cha kwetu, anasimama njiani, anajifanya anasalimia watu. Nikasema, nikasema, nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe akaibofya-bofya ile saa, akazima onyo la moyo. Hesabu ya hatua akaiacha. Hilo linaniuma mpaka leo: alinyamazisha la kweli akabaki na la uongo, kwa kuwa la uongo lilimsifu.

Alikufa mchana, amekaa kwenye pikipiki yake pale parking, akingoja mteja.

Kwenye kilio, shangazi zake hawakuuliza habari ya moyo. Waliuliza alikula nini asubuhi. Eti mwanaume mwenye nguvu hafi hivi hivi, amewekewa sumu. Na chai ya asubuhi niliipika mimi. Nikawaambia saa ilionya, tena si mara moja. Shemeji akanijibu mbele ya watu wote, "Ile saa iko muongo. Siye wote tulikuwa tunaicheka." Kisha akaifungua kwenye mkono wa marehemu akaivaa yeye, maana ndiye aliyeinunua. Nilikuwa na hasira hata kulia nikashindwa.

Juzi alikuja kusalimia watoto. Nikampa chai. Akaiweka chini bila kuionja, kama wanavyofanya wote wa ukoo ule tangu kilio. Saa ikatetemeka mkononi mwake, akawaonyesha watoto akicheka.

"Muone, leo nimetembea sana."

Pikipiki yake ilikuwa mlangoni, injini bado ina moto.

Chai ikapoa. Nikachukua kile kikombe chake, nikanywa yote mbele ya macho yake, nikakirudisha kitupu pale pale alipokiweka. Watoto walikuwa wanatutazama. Shemeji akaangalia saa, akasema muda wa kwenda umefika.