Dishi la Shangazi Halina Kosa

Hivi wewe hukasiriki ukiuziwa kitu halafu ukaachwa ubahatishe kinavyofanya kazi? Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu wake mmoja mbovu. Muuzaji alimwambia king'amuzi kipya kina filamu za kuchagua mwenyewe, utazame muda wowote. Hakusema zinakuja kwa intaneti. Filamu zikagoma, shangazi akapanda juu ya paa kugeuza dishi.

"Shangazi, shuka! Utavunja na huo mzima!"

"Acha kelele wewe! Picha imekuja?"

Ingekujaje, na nyumba haina intaneti? Nikampigia muuzaji, akacheka: "Si angeuliza?"

Angeulizaje asichokijua? Tafadhali, kama unakijua king'amuzi hicho, kamweleze jirani yako leo, kabla hajatafuta ngazi.