Marehemu Kwenye Kadi ya Kliniki

Ujinga wangu mkubwa niliufanya nikiwa na cheti cha kidato cha nne sandukuni: nilienda kwa naibu wa chifu kuripoti kwamba jirani yetu anaporwa shamba na msichana wa kazi.

Jirani huyo alikuwa mjane, tukimwita Kogo, yaani nyanya. Binti zake wote walikuwa wameolewa upande wa Kimulot; mtoto wa kiume hakujaliwa. Sisi tulikuwa watu wa kuja hapo Mogogosiek, na mila za wenyeji nilizisoma kwa kuchungulia juu ya ua wa mama, kazi niliyoipenda kuliko kuchuma chai.

Msichana alifika na mtoto mgongoni. Mwezi haukuisha, akawa anapeleka majani ya chai kituoni kwa namba ya mkulima ya Kogo. Kidogo tena, ufunguo wa stoo ya mahindi uko shingoni mwake. Nikajiuliza, msaidizi gani huyu?

Siku moja akaniletea kadi ya kliniki nimsomee tarehe ya kurudi. Nikasoma kuliko nilivyoombwa. Jina la baba: mume wa Kogo. Mzee huyo tulimzika miaka sita nyuma, na mtoto hajafikisha miwili. Hesabu ilinipiga shuleni, lakini hiyo niliiweza.

Naibu wa chifu alinisikiliza akitazama viatu vyake. “Twende ukaseme mbele ya Kogo,” akasema.

Nikasema yote, pale uani. Msichana akamvuta mtoto kifuani, akamuuliza Kogo polepole, “Sasa nifunge vitu zangu?”

“Keti,” Kogo akamwambia. Kisha akamgeukia naibu. “Huyu ni bibi yangu. Nilimuoa. Ng'ombe zangu zilienda kwao, wazee wakakaa hapa mchana mzima. Mtoto ni wa mzee wangu, na shamba ni yake.”

Siku hiyo ya wazee naikumbuka. Nilidhani ni maombi, nikajificha ndani nisiitwe kubeba viti.

Naibu akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anajua tangu mwanzo: kwa wenyeji, mjane asiye na mtoto wa kiume huoa msichana, na watoto wa msichana huhesabiwa wa marehemu. Nikatafuta njia ya kurudi kwetu, lakini Kogo hakuwa amemaliza.

“Na wewe,” akaniambia, “miaka karibu thelathini uko kwa nyumba ya mama yako, hujaoa, hujajenga hata choo. Huyu ameolewa hapa. Wewe ndio utuambie unakaa hapo kama nani.”