Jibu Lolote Linatosha

Hospitali yetu ilipoamua kubadilisha mfumo wake wa baruapepe na simu, kazi nilikabidhiwa mimi, na jambo la kwanza nililofanya ni kununua koti. Hakuna aliyeniagiza. Jua la Makueni linakausha pojo zikiwa bado ndani ya maganda, lakini niliona kwamba mkuu wa mawasiliano hawezi kuzunguka wodini na shati la mikono mifupi kama mtu aliyekuja kuziba bomba. Nilitokwa na jasho ndani ya koti hilo tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake nikalivaa tena.

Kabla ya mimi, hospitali nzima iliishi ndani ya grupu moja la simu. Wauguzi, madaktari, watu wa maabara, madereva, mpaka wapishi. Asubuhi lilifunguliwa kwa sala. Baada ya sala ikaja zamu ya madaktari, kisha tangazo la mazishi, kisha mtu anauza kuku wa kienyeji, kisha mwingine anaomba stretcha theatre haraka. Na kila ujumbe, uwe wa kuku au wa stretcha, ulianza na Bwana asifiwe, na kila aliyeuona aliitika Amina. Kwetu husalimiwi kwa jina la Bwana ukanyamaza. Hata chaji ikikaribia kuisha, Amina utaituma kwanza.

Aliyelisukuma grupu hilo ni sista mkuu wa wodi ya mifupa, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akiomba damu, Amina zingemiminika, naye angeandika, "Amina nimeziona wapendwa, sasa nani anakuja?" Angekaa kidogo, aandike tena. Na tena. Mwishowe mtu mmoja angeona haya na kusema yuko njiani. Mimi niliuona mtindo huo kuwa wa kishamba. Damu ya mgonjwa inaombwa kama mchango wa harusi!

Mfumo mpya haukuwa na mambo ya kuonea watu haya. Kila mtumishi alipata anwani ya baruapepe ya kazi, na kwenye simu yake programu ya dharura. Mtu akituma ombi la damu, linaonwa na watumishi wote kwenye kioo chekundu, na simu za wenye kundi la damu linalotakiwa zinalia. Zinalia bila kukoma mpaka ombi lijibiwe. Likishajibiwa, vioo vyote vinakuwa kijani na kelele zinaisha.

Fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo, dada mmoja kutoka Nairobi, aliniuliza jibu gani lizime kengele.

"Mimi ningependekeza kitufe cha 'Naja' pekee," akasema. "Mtu akibonyeza, tunajua anakuja."

"Dada yangu, wewe hujui watu wa huku," nikamwambia. "Mkamba akikujibu, amekujibu. Sasa unataka mzee wa watu avae miwani atafute kitufe? Weka jibu lolote."

"Lolote kabisa?"

"Lolote linatosha."

Alinitazama, akatazama koti, akaandika nilivyosema. Nami sikuishia hapo. Nilimpa somo zima la adabu za Ukambani, jinsi tunavyosalimiana, jinsi mtu anavyoheshimu neno lake. Alikuwa anatikisa kichwa kwa upole huku akiendelea na kazi yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi siku hiyo nilivuta mpaka ikakaribia kupasuka.

Wiki hiyohiyo mama yangu alikuwa amelazwa katika wodi ya mifupa. Aliteleza shambani kule Kibwezi, kwenye mtaro wa maji ya kunyunyizia mboga, akavunjika mfupa wa paja. Alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa na kuning'inizwa uzito, na kila alipojisogeza alifumba macho. Daktari wa kumfanyia upasuaji huja kwetu mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi. Alisema hamgusi mama bila damu ya akiba, na mama ana kundi la O hasi, ambalo si la kila mtu. Mimi na ndugu zangu tulipimwa, wote tukawa tumerithi la baba. Ilibidi watu wawili watoe damu ifikapo Jumanne, kwa sababu jioni hiyo ndipo gari linapoondoka kuipeleka kupimwa. Wakikosekana, mama angengoja Alhamisi nyingine, na mguu wake vilevile.

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba ombi lake ndilo litakuwa la kwanza katika mfumo mpya.

"Ya kwanza ndiyo nzuri ama ndiyo ya kujaribia?" akauliza.

"Mwaitũ, wewe tulia," nikamwambia.

Jumatatu niliwasha mfumo na kulifunga grupu la zamani kwa hotuba ndefu niliyoiandika mara tatu. Watu wakaitika Amina. Nilimwambia sista aache kusumbua watu, mashine itasumbua kwa niaba yake. "Ukiona kijani," nikamwambia, "jua mambo yameisha."

"Kijani tu? Siulizi tena?"

"Huulizi tena, sista. Pumzika."

Jumanne asubuhi nilienda Emali kuchukua katoni ya simu za wodini zilizotumwa kwa basi. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nilitaka kuonekana nikiibeba. Niliingia kwenye hoteli moja karibu na stendi, nikaagiza chapati na maharagwe, nikaweka simu juu ya meza mahali ambapo jirani yangu angeiona. Jirani huyo alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa Nyeri, akingoja lori lake kutoka Loitokitok.

Kioo kikawa chekundu. Sista alikuwa ameandika: "Bwana asifiwe wapendwa. Mama wetu wa wodi ya mifupa anahitaji watu wawili wa O negative leo kabla ya jioni, ili afanyiwe upasuaji Alhamisi. Mungu awabariki."

Mama yangu alikuwa pale kwenye kioo, amefika kwa mfumo wangu, na kila kitu kinafanya kazi! Nikaandika, "Amina. Mungu atatenda." Sikufikiri hata kidogo. Kidole chenyewe kiliandika, jinsi mdomo unavyoitika kanisani wakati akili iko kwenye sufuria nyumbani. Papo hapo kioo kikawa kijani, halafu Amina za wengine zikaanza kuingia moja baada ya nyingine.

Nilimgeuzia mfanyabiashara simu. "Umeona? Hata dakika haijaisha. Watu wamejibu."

"Mzuri," akasema. "Sasa hao wote wanatoa damu?"

"Watatoka humo humo."

"Na wewe umetoa?"

"Mimi si group hiyo."

Akarudi kwenye chai yake. Nilimhurumia kwa kutoelewa teknolojia, nikaongeza chapati.

Niliporudi hospitalini jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimkuta sista kwenye meza yake akijaza kadi za wagonjwa, ametulia kama nilivyomwagiza. Nikamuuliza damu imetoka ngapi.

"Si iko kijani?" akasema.

"Iko kijani. Lakini waliotoa ni akina nani?"

"Mimi nitajuaje? Umesema nisiulize."

Tulitazamana. Kisha tukaenda pamoja benki ya damu, yeye mbele, mimi nyuma na katoni yangu kifuani kwa sababu sikukumbuka kuiweka chini. Kijana wa benki ya damu alisema hajamwona mtu tangu asubuhi. Yeye pia alikuwa ameona kijani. Alikuwa amejibu Amina, na akadhani foleni itaanza baada ya chakula cha mchana.

Grupu la zamani nilikuwa nimelifunga kwa mikono yangu. Nikaketi kwenye benchi nikaanza kuwapigia simu wenye kundi la O hasi, na hapo ndipo nilipokutana ana kwa ana na zile adabu nilizomfundisha dada wa Nairobi. Wa kwanza alikuwa mzee wa stoo ya dawa, aliyekuwa mapumzikoni kwake Sultan Hamud.

"Wakya," akanisalimu kwa Kikamba.

"Aa," nikaitikia. "Mzee, nina shida ya..."

"Kwenu wako aje? Huko Kibwezi mvua imefika?"

"Imefika kidogo, mzee."

"Na mahindi?"

Gari la damu lilikuwa limewashwa injini pale nje, nami najibu kuhusu mahindi. Huwezi kumkatiza mzee. Mwishowe nikapata nafasi ya kusema shida yangu.

"Aiya! Ni mama yako? Mimi nilisikia simu imelia, nikaenda kutafuta miwani nisome. Kurudi, imenyamaza. Nikasema, basi mtu amepatikana."

"Kwa nini hukuja tu, mzee?"

"Nilifungua kwanza nione nani amejibu. Nikaona jibu la kwanza ni lako wewe. Nikajiuliza, kama mwenye mashine amesema Mungu atatenda, mimi ni nani?"

Nilifungua ombi lile na kupandisha mpaka juu kabisa. Kweli, nilikuwa wa kwanza. Simu zote za watu ambao wangeweza kumsaidia mama yangu zilikuwa zimelia kwa muda wa mtu kutafuta miwani, halafu mwanawe mwenyewe akazizima akiwa Emali, mdomo umejaa chapati.

Mzee alisema angekuja asubuhi. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto naye alikubali, lakini alikuwa shughulini kwao, mjini Wote. Mtu wa tatu hakupokea. Nje nikasikia gari likiondoka. Sista alisimama mlangoni, akalisindikiza kwa macho mpaka likapita geti.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema, akarudi wodini kwake. Afadhali angenitukana.

Nilivua koti, nikaenda kumwambia mama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri kuhusu changamoto za mwanzo na mpangilio wa kengele, lakini nilipomwona na ule mguu uliotundikwa, maneno yote yalitoroka. Nikamwambia hakuna damu iliyopatikana, gari limeenda, atangoja mpaka Alhamisi ile nyingine. Nikamwambia ni makosa yangu. Mwanaume wa miaka yangu, nikaanza kupangusa macho kwa leso ya hospitali mbele ya wagonjwa wengine, ambao wote waligeukia dirishani kwa heshima.

Mama aliomba nimsogezee mto, nikausogeza vibaya, akafumba macho kwa maumivu, kisha akayafungua.

"Sista aliniambia watu walinijibu kwa hiyo simu."

"Walijibu."

"Wengi?"

"Wengi sana, mwaitũ."

"Nisomee."

Sikutaka, lakini nani anakataa? Nikavuta kiti, nikaanza kumsomea. Nilisoma la kwanza, na aliponiuliza ni la nani nikamwambia ni langu, akanishika mkono. Nikasoma la mpishi. La dereva. La daktari wa meno, aliyeweka na mikono mitatu ya kuomba. La mhasibu, aliyetaka ashindwe Shetani. La karani wa geti, la wauguzi wa zamu zote mbili. Mama alikuwa anasikiliza kila mmoja, akiitikia polepole kwa kichwa, na nilianza kuona afueni, nikadhani maombi ya watu hawa wote yanamfariji. Nikaongeza sauti.

Nilipofika karibu katikati, akanivuta mkono.

"Mwana wakwa," akasema, "na hawa wote, hakuna hata mmoja mwenye damu?"