Hodi ya Tatu

Shule niliishia darasa la nane, lakini nimekaa nyumba moja na profesa wa kompyuta. Nikiwaambia hivyo wenzangu wa Diani, nilikokuwa nikifua mashuka ya hoteli, hucheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ni kweli. Nyumba yenyewe iko Kikoneni, ni ya mama yake, bibi aliyepungukiwa na macho, nami namwangalia: nampikia, namsomea dawa zake, na tukikosa la kufanya tunataniana.

Mwaka huu profesa alikuja likizo na habari. Chuo kimoja cha ng'ambo kimemwita akafundishe huko miaka kadhaa. Tiketi alikuwa nayo. Kilichobaki ni radhi za mama, na mama hakuzitoa.

"Kazi nisiyoijua nitaiombea dua gani?" alimwuliza. "Nimwambie nini Mwenyezi Mungu? Mfanikishe mwanangu katika vile vitu vyake?"

"Mama, nafundisha kompyuta."

"Unazitengeneza?"

"La, sizitengenezi."

"Unaziuza?"

"Siziuzi."

"Subhanallah! Na nywele zote zimekwisha kwa kusoma!"

Nikajificha jikoni nicheke.

Majirani walishaamua zamani kwamba profesa wa kompyuta ni fundi wa kila chenye waya. Alipokuwa akinywa chai barazani walimletea simu zilizozima, rimoti, hata pasi. Hakumfukuza mtu. Ile pasi aliifungua, akaitazama kwa heshima kama mgonjwa, akaifunga vile vile. "Imenishinda, dada." Mwenye pasi akaondoka akiguna, "Profesa gani huyu!"

Mimi nilimwonea huruma. Siku moja nakuna nazi, akaja akakaa karibu na mbuzi yangu, akanisimulia. Kompyuta ya kwanza aliiona chuoni kupitia dirisha la kioo, wanafunzi wamepanga foleni waiguse kidogo tu. Alipofikiwa na zamu yake, alibonyeza herufi moja tu. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. "Nimefundisha watoto wa watu mpaka wengine ni maprofesa," akasema, "na mama yangu hajui nafanya nini." Kisha akachota nazi niliyoikuna akatafuna, kama mtoto. Nami, ninayeota hata nikiwa nakuna nazi, niliota siku hiyo kwamba mama ameelewa.

Alasiri moja alijaribu tena. Alimwekea mama korosho viganjani, moja mkono huu, moja mkono ule.

"Hii ni mashine ya hapa. Hii ni mashine ya mbali. Zinataka kuzungumza."

"Enhe," mama akasema, akaitafuna mashine ya mbali.

Tulicheka sote, yeye profesa mpaka machozi. Katika kicheko hicho hatukusikia vizuri sauti ya nje. "Hodi!" Kidogo tena, "Hodi hapa!" Mama akainua mkono tunyamaze. "Hodi jamani!" Halafu kimya, na ndara za mgeni zikiburuzika, akienda zake.

"Mjibuni, keshaondoka!" mama akafoka. Kwetu hodi ni tatu. Ukikosa jibu unarudi, bila kinyongo.

Profesa alikuwa amesimama, mdomo wazi. "Mama! Ndiyo hiyo!"

"Ndiyo nini? Mkimbilie jirani!"

Nilikimbia mimi. Niliporudi na jirani na redio yake iliyokufa, profesa alikuwa amepiga magoti mbele ya mama.

"Mashine haziingiliani hivi hivi, mama. Hii hupiga hodi. Ile hujibu karibu. Hii husema nimekaribia, ndipo mazungumzo yaanze. Sasa ile isipojibu? Labda haiko, labda haijasikia. Hii ingoje kiasi gani ndipo ipige tena? Ipige mara ngapi ndipo irudi? Maisha yangu yote nimesoma hilo."

Mama aliigeuzageuza korosho iliyobaki kiganjani. Jirani alikuwa ameketi, redio mapajani.

"Kumbe unafundisha vyuma adabu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kungoja unakujua."

"Nakujua."

"Sasa mbona mimi hukaa mwezi mzima sijapigiwa hodi?"

Profesa aliinamisha kichwa. Niliona utosi wake uking'aa, nikataka kulia na kucheka pamoja. Mama akaupapasa kwa kiganja chenye unga wa korosho.

"Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo. Kila mlango utakaoubisha, Mola akujaalie wa kukujibu. Lakini na huu wangu uubishe."

Alikwenda. Redio ya jirani iko hapa bado, haikupona.

Kila Ijumaa baada ya swala simu hulia. Mara ya kwanza nilirukia kuipokea, mama akanishika kanga.

"Ngoja! Tulia. Mwache apige hodi."

Huiacha ilie, ilie tena, huku anatabasamu. Ikilia ya tatu huiweka sikioni, wala hasemi haloo.

"Karibu," humwambia.